Kuamka na Kuamkia

Mama yangu alikuwa akimwamkia Mungu shikamoo. Sisemi kwamba alisali kwa heshima, au kwamba alijua kupamba maneno. Nasema kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda akatamka, "Shikamoo, Baba," kama mtoto aliyeingia sebuleni akamkuta mzee wake amekaa, kisha akanyamaza kusubiri kuitikiwa.

Wakati huo tuliishi Kiwalani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la khanga kuukuu. Upande mmoja kitanda cha mama, upande wa pili mimi na mdogo wangu wa kiume juu ya godoro la sponji. Baba yetu alikwisha kufariki, hata sura yake siikumbuki vizuri, kwa hiyo mtu akitaja "Baba" ndani ya chumba kile nilijua anaitwa nani. Niliamshwa na magoti ya mama yakigusa sakafu. Shikamoo, Baba. Halafu kimya, kimya kirefu cha kumchosha mtoto. Mwisho alisema "Asante", akainuka, akaenda kuwasha jiko la mkaa.

Ndege zilipita chini sana juu ya paa letu. Asubuhi moja ndege ilipita mara tu baada ya ile shikamoo, mabati yakatetemeka, sufuria zikagongana, nami nikajifunika shuka gubigubi nikiamini kabisa kwamba Mungu ameitika. Nilimweleza mama wakati wa chai. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni ndege ya wenye hela zao, mwanangu."

"Sasa yeye huwa anaitikaga saa ngapi?"

Akaacha kucheka. "Kuamkia ni kwangu," akasema. "Kuitika ni kwake."

Jibu hilo sikulipenda, na sikulipenda kwa miaka mingi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilikuwa hivyo tangu utotoni. Tena kwa jinsi tulivyolelewa, jibu lenyewe halikuingia akilini. Nyumbani kwetu hukuweza kumpita mama asubuhi bila shikamoo, hata kama unakimbilia chooni. Alikuita ukarudi. "Kuamka hata kuku anaamka," alisema. "Kuamkia ndiko kwa mtoto." Ukishamwamkia alikutazama usoni, akavuta ile marahaba mpaka mwisho wake, "Marahaaaba, mwanangu," kana kwamba ndiyo kwanza amekuzaa. Hakuna aliyekuwa akinyimwa marahaba bure. Mkubwa akikupa kisogo umemwamkia, basi ujue umemkosea, nenda katafute kosa lako. Kwa hiyo nilikuwa nalala pale nyuma ya pazia nikijiuliza mama amemkosea nini Mungu.

Kanisani walimjua kwa jambo hilo. Kulikuwa na Jumapili ya akina mama, mchungaji akamwomba yeye na wenzake wawili waeleze namna Mkristo anavyoweza kukuza hamu ya kuwa karibu na Mungu kila siku. Wenzake walisema vizuri sana, kwa aya na kwa nyimbo. Mama akaenda mbele, akaishika meza kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa itaondoka.

"Mie naamka, namwamkia, nasubiri," akasema. "Kuna siku sina hamu hata chembe, mwili unataka kulala. Namwamkia hivyo hivyo. Hamu inanikuta nikiwa pale chini. Kuna siku hainikuti. Kesho yake namwamkia tena."

Akarudi kukaa. Mchungaji alikuwa bado ameinamisha kichwa akisubiri aendelee. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimfuata nje, akamwonya kwamba Mungu hupewa sifa na utukufu, haamkiwi kama mzee wa mtaani. Mama akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee," akamwambia, akanishika mkono tukaenda zetu. Mzee akaitika, maana angefanya nini.

Nilikua, nikasoma ualimu, nikapata kazi katika shule ya msingi upande wa Chamazi, nikajenga kijumba changu huko. Imani yangu haikuwa ya kujivunia. Nilikuwa Mkristo wa Jumapili na misiba. Niliimba vizuri, nilitoa sadaka, nilijua wakati wa kusimama na wakati wa kukaa, lakini hamu sikuwa nayo. Nilipomsikia mama akiitaja nilimwonea wivu, jinsi unavyomwonea wivu mtu anayekula kwa raha na wewe mdomo ni mchungu.

Alipohamia kwangu alikuwa ameshaanza kutupotea kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai. Alitoka kununua mchicha, akarudishwa na vijana wa bodaboda waliomkuta amesimama njia panda akiwa ameshika sandali zake mkononi. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa usahaulifu, kwamba utaendelea, na kwamba tusigombane naye.

Alianza kumsahau mdogo wangu. Mdogo wangu anauza ndizi soko la Mabibo, na kila alipokuja alileta mkungu mzima, kama vile mama ana kijiji cha kulisha. Siku moja mama aliupokea mkungu, akamshukuru sana, akamkaribisha kiti. "Na wewe ni mtoto wa nani?" akamuuliza. Mdogo wangu alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya tanki la maji, mwanamume mzima mwenye ndevu, amejishika ukuta analia.

Mimi nilifuata. Kwanza jina langu, baadaye uso wangu. Nikawa dada wa hapa, nikawa mama mwenye nyumba, nikawa nesi. Mungu peke yake hakuguswa. Kila alfajiri nilisikia magoti, Shikamoo, Baba, na kile kimya. Sisi aliotuzaa na kutulea kwa kuuza vitumbua tulikwisha kufutika, yeye asiyeonekana akabaki. Nakiri nilimwonea Mungu wivu, na si ule wivu mdogo.

Kisha asubuhi moja sikusikia magoti.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anatazama ukuta. "Mama, hujasali," nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya kigeni. Nikapiga magoti mwenyewe nimwonyeshe, nikasema, "Shikamoo, Baba," nikajiona mjinga. Akaendelea kunitazama, kwa adabu tu, kama unavyomtazama mgeni anayefanya mila za kwao. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Nilienda jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyokuwa nimehuzunika. Huyu Mungu aliyeamkiwa maisha mazima, ameshindwa hata kujilinda ndani ya kichwa cha bibi mmoja?

Miguu ya mama ilikuwa ya baridi siku zote, hata katika joto la Desemba ambalo sisi wengine tunalala sakafuni. Kabla ya kwenda shule nilikuwa nakaa kwenye kigoda mbele yake, naipakata miguu yake, naipaka mafuta ya nazi naisugua mpaka ipate moto. Haukupita muda mrefu tangu aache kusali. Nilikuwa nimemshika mguu wa kulia aliposema, "Shikamoo."

Niligeuka kuangalia nani ameingia. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilipomrudia, macho yake yalikuwa juu yangu, ameinama kidogo, anasubiri.

Sijui kama mtu ambaye hakulelewa na shikamoo anaweza kuelewa. Mzazi hamwamkii mwanawe. Hata kwa utani hatufanyi hivyo. Nilisikia aibu kama nimevuliwa nguo mbele za watu. "Mama, ni mimi," nikasema. "Mimi ni mwanao. Wewe ndiye wa kuamkiwa. Shikamoo, mama."

Hakuitika. Aliendelea kusubiri, kisha akainamisha macho, akaanza kuzungusha ncha ya khanga kidoleni.

"Umenikasirikia?" akauliza.

Kesho yake aliniamkia tena. Nilijaribu kukwepa. "Umeamkaje, mama?" Akanyamaza. "Bwana asifiwe." Akanyamaza. Aliyenyimwa marahaba hadanganyiki kwa habari za asubuhi, na mama yangu alikuwa amenifundisha hilo mwenyewe. Uji akawa anauacha nusu. Nilipopita karibu naye alikuwa akijikunyata kidogo, akitafuta kosa lake.

Halafu nikitoka hapo naenda shule. Naingia darasani, watoto wanasimama wote kwa kishindo, "Shikamoo, mwalimuuu!" Nami, "Marahaba, kaeni," bila kuinua macho kutoka kwenye mkoba. Kwenye korido shikamoo, kwenye bomba la maji shikamoo, wengine wananiamkia mara mbili kwa kutafuta sifa. Marahaba, marahaba, marahaba. Tena somo la salamu ninalifundisha mwenyewe, nawaeleza kwamba neno shikamoo limetokana na kushika miguu ya mkubwa. Kutwa nilizimwaga marahaba kama bomba lililokatika koki, na nyumbani sikuwa nayo hata moja.

Nilimpigia mdogo wangu simu.

"Usithubutu, dada," akasema. Nyuma yake soko lilikuwa linapiga kelele. "Mzazi akuamkie na wewe uitike? Hiyo si laana hiyo? Mama angekuwa na akili zake angekuzaba kofi."

"Angekuwa na akili zake asingeniamkia."

"Mie nimekwambia. Usiitike."

Nilipokuwa kazini, mama alikaa na jirani yangu, bibi wa Kizaramo ambaye wazee wake walilima mihogo pale pale kabla hatujaja sisi na viwanja vyetu. Yeye ni Mwislamu wa swala tano, na alimpenda mama yangu kwa sababu, kama alivyosema, ni mtu anayemjua Mola wake. Jioni moja nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, mama amesinzia kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa. Huyu mwenzangu leo kutwa hajafungua mdomo. Kuna nini humu ndani?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku vidole vinaendelea kutoa mawe.

"Sie kwetu kusalimu ni suna," akasema. "Kuitika ni faradhi. Mtu kakupa salamu yake, unamwacha kaishika mkononi?"

"Bibi, ni mama yangu mzazi."

"Ndo maana."

Hasira zangu zikanipanda, si kwake yeye. "Basi na Mungu?" nikamuuliza. "Mama amemwamkia tangu mie sijazaliwa. Yeye hana faradhi?"

Bibi aliacha mchele. "Astaghafiru," akasema taratibu, akanitazama mpaka nikatazama chini. Alimaliza kuchambua, akaupepeta ungo, akajitanda. Alipofika mlangoni ndipo akageuka. "Ya Mungu mwachie Mungu. Ya mama yako ni yako."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipasha mafuta kidogo kwenye kijiko, nikavuta kigoda, nikaipakata miguu ya mama. Nilimwona anavyojikusanyia ujasiri, mtoto ambaye jana alinyimwa na juzi alinyimwa na leo anakwenda kujaribu tena.

"Shikamoo," akasema.

Lisilo budi hutendwa. Nilimtazama usoni kama yeye alivyokuwa akitutazama. "Marahaaaba," nikasema, nikaivuta mpaka mwisho wake.

Mama alinyooka. Aliiweka mikono yake wazi juu ya mapaja, viganja juu, jinsi alivyokuwa akiiweka kwenye sala zake kule Kiwalani.

"Umeitika," akasema. "Umeitika, Baba."

Nilikuwa nimeishika miguu yake yote miwili, sikuthubutu kuiachia.

"Miaka yote nakuamkia," akasema. "Nilijua tu, iko siku utaitika." Kisha akaniinamia kama anayenipa siri, anatabasamu, tabasamu ambalo nilikuwa nimekwisha kulizika. "Kumbe sauti yako imefanana na ya mwanangu."

Nililia juu ya miguu yake, mafuta na machozi vikachanganyika. Nilichelewa shule na sikujali. Niliumia kwa mambo mawili. Kwanza kwa sababu nilijua sasa kwamba hakuwahi kusikia kitu. Katika moyo wangu wa kitoto, hata baada ya kuzinduka na habari ya ndege, nilikuwa nimebaki naamini kwamba mle ndani ya kile kimya mama anasikia jambo ambalo sisi hatulisikii, na kwamba ile "Asante" ya mwisho ni ya kushukuru kuitikiwa. Kumbe aliinuka mikono mitupu kila siku, akashukuru, akawasha jiko, akapika vitumbua vya kuuza. Na pili, uso wangu alikuwa ameusahau, jina alikuwa amelisahau, lakini sauti yangu alikuwa ameiweka mahali pasipofikiwa na ugonjwa ule, akaiweka pamoja na Mungu.

Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza. "Kwa hiyo umejifanya Mungu," akasema.

"Sikujifanya kitu. Nilikuwa nimemshika miguu tu."

Hatukuzungumza kwa muda. Siku aliyokuja tena na mkungu wake, alifika mapema, akasimama mlangoni akamsikia mama anavyoamkia na mimi ninavyoitika. Aliuweka mkungu chini polepole. Hakusema tena habari ya laana.

Tuliishi hivyo kipindi ambacho sikukihesabu. Mimi niliyekuwa naamshwa na kengele ya simu na bado naizima na kulala, nikawa naamka kabla yake. Nilikuwa nalala nikiitamani asubuhi. Nilitaka kuamkiwa na mama yangu, jambo ambalo ukilisema mtaani watu watakutazama vibaya, na nilitaka kuiona ile mikono ikifunguka. Kuna siku nilikuwa nimechoka, mwili hautaki, nikaenda kukaa kwenye kigoda hivyo hivyo, na hamu ikanikuta pale chini. Hamu ya nani, ya mama au ya yule aliyekuwa akimwamkia, sikuweza kutenganisha, na sikujaribu. Kwa mara ya kwanza nilielewa alichowaambia wanawake wenzake kanisani. Nilikielewa kwa kuchelewa, wakati hakuna tena wa kumwambia nimeelewa.

Alifariki wakati wa masika, mchana, mvua ikinyesha, mimi nikiwa darasani. Mwalimu mwenzangu alikuja akasimama mlangoni, na sura yake ikaniambia. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa imejaa maji, nikavua viatu nikavipita vidimbwi pekupeku. Bibi jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Chupa ya mafuta ilikuwa wazi.

"Miguu ilikuwa ya baridi sana leo," akasema. "Nikasema nimpake mie."

Nikamuuliza kama mama alisema neno.

"Aliamkia," akasema bibi. "Nami nikaitika, mwanangu. Ningefanyaje?"

Tulimzika. Watu walikuja, wakaimba, wakapika, wakaondoka, na nyumba ikabaki na viti vya kukodi vilivyosahauliwa uani. Asubuhi ya kwanza ya kuwa peke yangu niliamka saa ile ile. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda kitupu, kwa sababu mwili ulikuwa umezoea. Kisha nikashuka, nikapiga magoti pale alipokuwa akipiga yeye. "Shikamoo, Baba," nikasema.

Kimya. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye ndoo, na jogoo wa bibi, na moyo wangu. Nilisubiri, na kadiri nilivyosubiri ndivyo nilivyokasirika. "Kama hukumwitikia yeye," nikamwambia, "mie utaniitikia kwa lipi?" Nikainuka. Sikusema asante. Sikuona cha kushukuru.

Kesho yake nilirudi kazini. Watoto walikuwa wameambiwa mwalimu amefiwa na mama yake, wakaonywa wasipige kelele. Nilipoingia walisimama bila kishindo, taratibu, wakiyashika madawati yasilie. "Shikamoo, mwalimu," wakasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwao.

Nilifungua mdomo niitike, ikashindikana. Neno lenyewe lilikuwa mama yangu. Nililiona linakuja na uso wake, na viganja vyake vilivyofunguka, likafika kooni likakwama.

Watoto hawakukaa. Tumewafundisha hivyo, hukai mpaka uitikiwe. Walibaki wamesimama, shati kubwa hili, sketi iliyofumuka ile, wote macho kwangu, na darasa likawa na kimya ambacho nilikijua. Nilikuwa nimekisikiliza utoto wangu mzima kutoka nyuma ya pazia. Sikuwahi kukisikia nikiwa upande huu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akavumilia, akavumilia, mwishowe akasogeza shingo kidogo.

"Mwalimu," akasema, si kwa kulaumu, ni kunijulisha tu, huenda sikusikia. "Tumekuamkia."

Nilikuwa nimesikia. Niliwasikia wote, hata yule wa nyuma mwenye kikohozi. Sikuwa nimewakasirikia. Hakuna aliyekuwa amenikosea. Niliwapenda asubuhi ile kuliko siku zote nilizowaitikia huku nikitafuta chaki kwenye mkoba. Koo tu ndilo lilikuwa limejaa. Nikaishika meza ya mbele kwa mikono miwili, machozi yakanitoka mbele yao, nao wakaendelea kusimama wakinisubiri, hakuna hata mmoja aliyekaa.

Sijui kama Mungu ana koo la kujaa. Hayo sikusomea, na mzee yule wa kanisa angekuwa hai angenionya. Najua tu kwamba kesho yake niliamka, nikapiga magoti, nikamwamkia. Nilisubiri kwa muda mrefu. Ndege haikupita, huku Chamazi hazipiti chini. Kisha nikasema asante, nikaenda kuwasha jiko.